Namba Zilizokataa Uwiano

Karatasi ilikuwa imefutwa mara nyingi hata ikatoboka. Binti wa kidato cha sita, ambaye huja kwangu Mwanga, hapa Kigoma, kila Jumamosi alasiri pamoja na wenzake wawili kwa masomo ya ziada ya Baiolojia, aliliweka daftari mezani huku ameliziba tobo kwa kidole gumba, akaniamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekuja kuungama. Nilipomwitikia marahaba na kumwomba aondoe mkono, niliona kilichotokea. Alikuwa amepewa swali lenye namba nne za watoto wa nzi wa matunda: 965, 944, 206 na 185. Alikuwa amezigawanya kwa kila namna aliyoijua, na zilipokataa kuingia katika uwiano aliofundishwa, akaamini kwamba alizinakili vibaya kutoka ubaoni. Ile 206 akaigeuza kuwa 602, kwa kuwa 602 iliikaribia robo aliyoitarajia. Ile 944 ndiyo iliyomshinda, maana hakuna namna ya kuipindua ikakubali, na hapo ndipo kifutio kilipoitoboa karatasi.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Miaka mingi iliyopita, nikiwa chuoni, mimi na wenzangu tulipewa magunzi ya mahindi ili tuhesabu punje zenye rangi na zisizo na rangi, zilizojaa na zilizosinyaa. Nilihesabu kwa kutumia pini, safu kwa safu, nikichomeka pini mpya kila nilipomaliza safu, na hesabu yangu haikufanana hata kidogo na 9:3:3:1 iliyoandikwa ubaoni. Aliyesahihisha aliandika neno moja tu kwa wino mwekundu: "Rudia." Nikarudia, zikatoka namba zilezile. Mara ya tatu sikuhesabu tena. Nilianza na uwiano nikaziandika namba zinazoufaa, nikapewa alama zote. Sijui kama lile gunzi lilikuwa la mmea wenye jeni zilizofungamana, yaani zinazorithiwa pamoja, au kulikuwa na sababu nyingine, na sitajua kamwe, kwa sababu namba za kweli nilizitupa. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo linalonifanya niandike kuhusu ufungamano wa jeni kwa Kiswahili na kwa urefu. Vijana wetu husoma mada hii kwa Kiingereza siku mbili tatu kabla ya mtihani, wakakariri kwamba jeni zilizofungamana huharibu uwiano, bila kuona kwamba huo unaoitwa uharibifu ndio wenye habari nyingi kuliko uwiano wenyewe.

Tuanze na uwiano. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alifanya majaribio yake ya njegere kati ya mwaka 1856 na 1863 na kuyachapisha mwaka 1866. Alipopandanisha mmea wa mbegu za mviringo na za njano na mmea wa mbegu zenye mikunjo na za kijani, uzao wa kwanza wote ulikuwa wa mviringo na wa njano. Uzao huo ulipojichavusha wenyewe, alipata mbegu 556: za mviringo na njano 315, za mviringo na kijani 108, zenye mikunjo na njano 101, na zenye mikunjo na kijani 32. Ukiigawa 556 kwa uwiano wa 9:3:3:1 utapata takriban 313, 104, 104 na 35. Tofauti ni ndogo sana, kiasi kwamba jaribio la kai-mraba, ambalo hupima namba zilizopatikana zimeachana kiasi gani na zilizotarajiwa, linatoa 0.47 tu, wakati kikomo cha kuanza kutilia shaka katika makundi manne ni 7.8.

Wanafunzi wengi huiona 9:3:3:1 kana kwamba ni sheria iliyosimama peke yake. Sivyo. Ni zao la kuzidisha uwiano mmoja kwa mwingine: 3:1 ya umbo mara 3:1 ya rangi. Robo tatu ya mbegu ni za mviringo; katika hizo za mviringo, robo tatu ni za njano; robo tatu ya robo tatu ni tisa juu ya kumi na sita. Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba kuijua sifa ya kwanza ya mbegu hakukuambii chochote kuhusu sifa yake ya pili. Mbegu ikiwa ya mviringo, uwezekano wa kuwa njano ubaki uleule kama ingekuwa na mikunjo. Nawasihi walimu wenzangu walitaje sharti hili kabla ya kuchora ule mraba wa vyumba kumi na sita unaoorodhesha michanganyiko yote, kwa maana mraba wenyewe haulitaji. Unapoviandika vyumba vyote kuwa na uzito sawa, umekwisha kulikubali sharti bila kulisema.

Sharti hilo lilivunjika mapema sana. Miaka michache baada ya kazi ya Mendel kuibuliwa upya mwaka 1900, William Bateson, Edith Saunders na Reginald Punnett huko Uingereza walikuwa wakipandanisha mimea ya maua ya jamii ya njegere, ile inayopandwa bustanini kwa ajili ya harufu yake. Mzazi mmoja alikuwa na maua ya zambarau na chavua ndefu, mwingine maua mekundu na chavua za mviringo. Uzao wa kwanza wote ulitoa zambarau na chavua ndefu, kama ilivyotarajiwa kwa sifa tawala, yaani zinazoonekana hata zikitoka kwa mzazi mmoja tu. Katika uzao wa pili walihesabu mimea 6,952, na hesabu yao ndiyo ninayopenda kuianza nayo kila ninapofundisha: zambarau wenye chavua ndefu 4,831, zambarau wenye chavua za mviringo 390, wekundu wenye chavua ndefu 393, wekundu wenye chavua za mviringo 1,338.

Kwa 9:3:3:1 tungetarajia takriban 3,911, kisha 1,304 mara mbili, na 435. Ziangalie tena namba zenyewe. Makundi yanayofanana na babu na bibi yamefurika, na makundi yenye mchanganyiko mpya yamepungua mpaka chini ya theluthi ya yaliyotarajiwa. Mtu akikurupuka atasema Mendel alikosea.

Nilimwambia yule binti aziunganishe kwa namna nyingine: aisahau chavua, ahesabu rangi peke yake. Zambarau ni 4,831 na 390, jumla 5,221. Nyekundu ni 393 na 1,338, jumla 1,731. Aligawa kwa kikokotoo akapata 3.02. Kisha aisahau rangi, ahesabu chavua: ndefu 5,224, mviringo 1,728. Tena 3.02. Alinitazama, akahesabu upya kwa mkono pembezoni mwa daftari, akanitazama tena. Kila sifa, ikiwa peke yake, inamtii Mendel karibu bila kosa. Kinachokataa ni kuzidisha. Hakuna mmea uliokufa kwa siri, hakuna mbegu iliyopotea, hakuna aliyehesabu vibaya. Sifa mbili hizi zimesafiri pamoja kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto mara nyingi kuliko bahati ingeruhusu. Mwanafunzi anayekutana na namba ngeni aanze na zoezi hilo kabla ya lolote. Ikiwa kila sifa pekee inatoa 3:1 katika uzao wa pili, au 1:1 katika upandanisho wa kupima (nitaueleza punde), na zikiwa pamoja zinakataa, basi anayo sababu nzuri ya kushuku ufungamano. Ikiwa hata sifa moja pekee imepotoka, atafute jambo jingine.

Bateson na wenzake waliuona ufungamano, wakautangaza kwa uaminifu, lakini hawakuujua uliko. Kwa muda mrefu walidhani kwamba seli zinazotoa baadhi ya gameti, yaani seli za uzazi, huongezeka kwa wingi kuliko nyingine. Ninawaheshimu kwa sababu waliziacha namba zao zilivyo, hata maelezo yao yalipokuwa hayazitoshi.

Maelezo yalitoka kwa nzi. Thomas Hunt Morgan, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alikuwa akifuga ndani ya chupa wale nzi wadogo ambao sisi huwaona wakizunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwaka 1910 alieleza habari za nzi dume mwenye macho meupe, na kwa kumfuatilia huyo akaonyesha kwamba jeni ya rangi ya macho inakaa kwenye kromosomu ya jinsia, mmoja wa nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni. Mara jambo hilo lilipokubalika, hesabu nyepesi ilifuata. Nzi huyo ana jozi nne tu za kromosomu, binadamu jozi 23, mahindi jozi 10, na viumbe hao wote wana maelfu ya jeni. Lazima basi jeni nyingi zipangwe kwenye kromosomu moja, na zilizopangwa pamoja zitasafiri pamoja, isipokuwa kitu kizitenganishe.

Kitu hicho alikuwa amekwisha kukiona Mbelgiji F. A. Janssens, ambaye mwaka 1909 alieleza kwamba kromosomu za jozi moja, wakati wa kuundwa gameti, hupishana na kubadilishana vipande. Hapa niliacha kuzungumza nikaleta shanga. Ninazo nyuzi mbili, moja ya shanga nyekundu na nyingine ya shanga nyeupe, nilizozinunua sokoni kwa kazi hii. Nilizilaza sambamba juu ya meza, nikamwomba binti achague shanga mbili kwenye uzi mwekundu na kuzitia alama ya kalamu, kisha afanye vivyo hivyo kwenye uzi mweupe mahali pale pale. Wenzake wakafumba macho, wakaweka kidole popote kwenye uzi. Hapo tukakata nyuzi zote mbili, tukaunga kipande chekundu kwenye cheupe na cheupe kwenye chekundu. Kidole kilipoangukia nje ya zile shanga mbili zenye alama, alama zilibaki pamoja kama zilivyokuwa. Kilipoangukia katikati yake, zilitengana. Tulifanya hivyo mpaka sakafu ikawa imejaa shanga, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba alama zilizo mbalimbali hutengana mara nyingi na zilizokaribiana hutengana kwa nadra.

Sasa tukarudi kwenye tobo la daftari. Katika swali lile, nzi jike wa uzao wa kwanza, mwenye mwili wa kijivu na mbawa za kawaida, alikuwa amepokea aleli (yaani sura za jeni) zote mbili tawala kutoka kwa mzazi mmoja na zote mbili fifi, zile zinazofichwa na tawala, kutoka kwa mwingine. Alipandishwa na dume mwenye mwili mweusi na mbawa zilizodumaa. Huu ndio upandanisho wa kupima, na uzuri wake ni kwamba yule dume hatoi chochote isipokuwa aleli fifi, hivyo kila mtoto anaonyesha waziwazi gameti aliyopewa na mama yake. Kama jeni zingekuwa huru, watoto 2,300 wangegawanyika sawasawa, 575 kwa kila kundi. Walizaliwa wa kijivu wenye mbawa za kawaida 965 na weusi wenye mbawa zilizodumaa 944. Hao wamefanana na wazazi wa mama yao. Wakazaliwa wa kijivu wenye mbawa zilizodumaa 206 na weusi wenye mbawa za kawaida 185; hao ndio waliotokana na mikato iliyoangukia katikati. Jumlisha 206 na 185 upate 391, gawanya kwa 2,300: asilimia 17.

Kai-mraba ya namba hizo dhidi ya 1:1:1:1 inazidi 1,000. Mtu hawezi kusema kwamba ni bahati mbaya ya kuhesabu, na ndiyo maana kugeuza 206 kuwa 602 ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa zile 391 ndizo kipimo chenyewe. Hata makundi yalivyokaa kwa jozi ni ushahidi: 965 na 944 zinakaribiana kwa kuwa kila mkato unaoacha alama pamoja huacha gameti za aina zote mbili za awali, na 206 na 185 zinakaribiana kwa kuwa kila mkato wa katikati hutoa gameti mbili mpya zinazokamilishana. Mwanafunzi akiona makundi manne yenye sura ya mengi, mengi, machache, machache, atambue kwamba anaangalia kromosomu moja.

Kuna jambo moja la nzi ambalo vitabu vingi huligusa kwa mstari mmoja tu, nalo huwapoteza watu kabisa. Nzi dume wa aina hii habadilishani vipande vya kromosomu hata kidogo. Ukigeuza upandanisho, ukachukua dume wa uzao wa kwanza na jike mwenye sifa fifi zote mbili, watoto wanakuwa wa aina mbili tu, nusu kwa nusu, na yale makundi machache hayaonekani kabisa. Jeni ni zilezile na umbali ni uleule. Kwa hiyo uwiano haukai ndani ya jeni. Uko katika namna gameti zilivyoundwa, na ni lazima kuuliza ni mzazi yupi aliyeziunda.

Mwenzake mmoja, mvulana ambaye kwa kawaida hanyamazi, aliuliza kwa nini basi asilimia haiwezi kufika 100 kama jeni ziko mbali sana kwenye uzi mmoja. Ni swali zuri kuliko mengi ya kwenye mitihani. Wakati wa kubadilishana, kila kromosomu imekwisha kujirudufu, hivyo kwenye meza hakuna nyuzi mbili bali nne, na mkato mmoja hugusa mbili tu kati yake. Zile mbili nyingine hubaki kama zilivyokuwa. Hivyo hata kama kila seli itapata mkato mmoja katikati ya jeni mbili, nusu tu ya gameti zitakuwa mpya. Na mikato ikiongezeka zaidi ya mmoja, mingine huzirudisha alama pamoja, wastani ukabaki nusu. Asilimia 50 ndiyo dari, na asilimia 50 ni sawasawa na jeni kuwa huru. Kwa hiyo jeni mbili zinaweza kukaa kwenye kromosomu moja zikiwa mbali kiasi kwamba zitatoa 9:3:3:1 safi, na hakuna hesabu ya watoto wa jeni hizo mbili peke yake itakayokufichulia kwamba ni majirani wa uzi mmoja. Makundi manne yaliyo sawa, 1:1:1:1, hayathibitishi kromosomu mbili.

Nikarudi kwenye mahindi, kwa sababu yangu mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtafiti Hutchison huko Marekani alichunguza zilezile sifa nilizozihesabu mimi kwa pini: rangi ya punje, na kujaa au kusinyaa kwake. Alianza na mzazi mwenye rangi na punje zilizojaa dhidi ya mzazi asiye na rangi na punje zilizosinyaa. Katika upandanisho wa kupima alipata punje 8,368: zenye rangi zilizojaa 4,032, zisizo na rangi zilizosinyaa 4,035, zenye rangi zilizosinyaa 149, zisizo na rangi zilizojaa 152. Mpya ni 301, yaani asilimia 3.6.

Kisha akazipanga jeni zilezile kinyume: mzazi mmoja mwenye rangi lakini punje zilizosinyaa, mwingine asiye na rangi lakini punje zilizojaa. Safari hii alihesabu punje 43,785. Sasa zilizofurika ni zenye rangi zilizosinyaa 21,379 na zisizo na rangi zilizojaa 21,096, wakati zenye rangi zilizojaa zilikuwa 638 tu na zisizo na rangi zilizosinyaa 672. Kundi lililokuwa na zaidi ya 4,000 kati ya 8,000 limegeuka kuwa kundi la wachache. Mpya ni 1,310, yaani asilimia 3.0, karibu sawa na mara ya kwanza.

Niliwaomba wazitazame namba hizo nane kwa kimya. Ufungamano haufungi tawala kwa tawala wala fifi kwa fifi. Unafunga vilivyoingia pamoja. Jeni haina habari kama jirani yake ni tawala. Kinachojulikana ni kwamba walitoka kwa mzazi mmoja kwenye uzi mmoja. Ndiyo maana swali lisemalo "jeni A na B zimefungamana, tabiri uwiano" halijibiki mpaka tuambiwe wazazi wa awali walikuwaje. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa, na si kosa lao pekee. Mara nyingi swali lenyewe huandikwa bila sehemu hiyo. Mwaka 1931, Harriet Creighton na Barbara McClintock walichukua mmea huohuo wa mahindi, wakatumia kromosomu yenye alama zinazoonekana kwa hadubini katika ncha zake, wakaonyesha kwamba punje zilizobadilisha sifa ndizo ambazo kromosomu zake zilibadilishana vipande kwa kweli. Kilichokuwa hesabu kikaonekana kwa macho.

Tulikuwa na deni la yale maua ya Bateson. Uzao wa pili ni mgumu kuliko upandanisho wa kupima kwa sababu pande zote mbili zinaleta gameti za kila aina, lakini kuna mlango mmoja wa kuingilia, nao ni kundi la mwisho. Mmea mwekundu wenye chavua za mviringo ni lazima upokee gameti yenye aleli fifi zote mbili kutoka pande zote mbili. Mimea hiyo ni 1,338 kati ya 6,952, sawa na 0.1925, kipeuo chake cha pili ni 0.4387. Hiyo ndiyo sehemu ya gameti zenye fifi zote mbili. Zile zenye tawala zote mbili ni nyingi kiasi hicho hicho, hivyo gameti za awali ni asilimia 87.7, na mpya ni asilimia 12.3. Ukitumia namba hiyo kutabiri makundi yote manne unapata 4,814, kisha 400 mara mbili, na 1,338. Linganisha na 4,831, 390, 393 na 1,338. Kundi la mwisho limelingana kwa kuwa tulianzia hapo, lakini yale matatu hayakulazimishwa na mtu. Binti aliyaandika juu ya kipande cha karatasi alichokuwa amekibandika kuziba tobo.

Mtu wa Kigoma anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini, na jibu liko barabarani kuelekea Simbo au Kalinzi, katika mashamba ya michikichi. Kata tunda la chikichi katikati kwa kisu kikali na uangalie. Katika aina iitwayo dura, kokwa lina ganda nene na nyama inayotoa mawese ni nyembamba. Katika aina ya tenera ganda ni jembamba, nyama ni nene, na ukiangalia kwa makini utaona pete ya vidoa vyeusi vya nyuzi iliyolizunguka kokwa. Aina ya tatu, pisifera, haina ganda, lakini kwa kawaida mashada yake huoza kabla ya kukomaa. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen, waliofanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji, walionyesha kwamba tofauti zote hizo zinatokana na jeni moja: tenera ni chotara wa dura na pisifera. Ndiyo sababu mkulima anayeokota mbegu chini ya tenera yake nzuri hasa akaziotesha haendelei kuwa na tenera tupu. Tenera kwa tenera hutoa robo dura, nusu tenera, robo pisifera, na chavua ikitoka kwa dura za jirani, nusu ya miche inarudi kuwa dura. Mbegu za tenera zinazozalishwa kwa kupandanisha dura na pisifera, kama zile za Kihinga hapa mkoani, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), hazina bahati nasibu hiyo.

Tatizo ni kwamba ganda halionekani mpaka mti uzae, baada ya miaka mitatu hivi au zaidi. Mche kitaluni hausemi chochote. Hapo ufungamano unageuka kuwa chombo cha kazi. Ukiipata alama yoyote kwenye DNA iliyo jirani na jeni ya ganda, unaweza kukata kipande cha jani la mche, ukaisoma alama, na kuotea ganda kabla ya mti kupandwa. Kama alama iko umbali wa asilimia 5, gameti 5 kati ya 100 zitakudanganya. Ikiwa umbali wa asilimia 1, ni moja. Kwa kuzifuata alama kama hizo, zikisogea karibu zaidi na zaidi, watafiti wa Malaysia na wenzao walifika kwenye jeni yenyewe na kuitangaza mwaka 2013. Baba wa yule mvulana ana ekari mbili za michikichi, na naona maelezo haya yalimwingia kijana kuliko nzi wote wa New York.

Jua lilikuwa limeshaelekea upande wa ziwa nilipowapa kazi ya mwisho. Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Morgan aliyekuwa bado anasoma shahada ya kwanza, alitambua kwamba ikiwa asilimia ni umbali, basi jeni zinaweza kupangwa kwenye mstari kama vituo vya reli, na mwaka 1913 alichapisha ramani ya kwanza. Niliwapa jeni tatu za nzi: mwili mweusi, macho mekundu ya kung'aa, na mbawa zilizodumaa. Kutoka mwili hadi macho ni asilimia 9, kutoka macho hadi mbawa ni 9.5, kutoka mwili hadi mbawa ni ile 17 yetu. Waliipata ramani kwa haraka: macho yako katikati, kama Uvinza ilivyo kati ya Kigoma na Kaliua. Binti ndiye aliyeona kasoro. "Mwalimu, 9 na 9.5 ni 18.5. Mbona hapa tumeandika 17?"

Safari hii hakushika kifutio. Nilimpa nyuzi mbili zilizobaki, zenye alama tatu badala ya mbili, nikamwambia akate mara mbili, mara moja kila upande wa alama ya katikati, kisha aunge. Alipomaliza, alama ya katikati ilikuwa imehamia uzi mwingine, lakini zile za pembeni zilikuwa zimekaa pamoja kama vile hakuna kilichotokea. Anayehesabu kwa kutumia alama za pembeni tu angemweka mtoto huyo kwenye kundi la waliofanana na wazazi, na mikato yake miwili isingeingia popote. Binti aliupitisha uzi vidoleni, shanga kwa shanga, mpaka alipofika kwenye fundo la pili, akasema kwamba hiyo 1.5 imejificha humo.